Helikopta ya zoezi la uokoaji inakuja katani kwetu: sisi wa ardhini tujiandae vipi?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa ya kata, wilayani Mpwapwa. Tumearifiwa kwamba mwezi Septemba kutakuwa na zoezi la pamoja la uokoaji. Helikopta ya jeshi itakuja, na sisi wa ardhini (mgambo, wahudumu wa afya na vijana wa kujitolea) tutashirikiana na askari kupokea mizigo na kupakia watu watakaoigiza majeruhi. Tumependekeza uwanja wa shule ya msingi. Mwenzetu mmoja anasema tuwashe moto kuonyesha upepo na tutandike shuka jeupe katikati. Mwingine anasema ikitua tu tuikimbilie, maana mafuta yanaungua bure. Kwenye kikao afisa mmoja alisema mambo mawili ambayo hatukuyaelewa: kwamba mchana itabeba pungufu kuliko asubuhi, na kwamba tusiguse ndoano hata ikitufikia mkononi. Naogopa tusije tukaumiza mtu. Tufanye nini?

Jibu: Hofu yako ina msingi, na umefanya vyema kuuliza mapema. Unachokiogopa hasa ni kwamba watu wenye nia njema watajikuta karibu na mashine wasiyoijua, kila mmoja na ushauri wake. Mengi yanayoweza kumuumiza mtu katika zoezi kama hili hutokea ardhini, dakika chache kabla na baada ya kutua, na mengi kati ya hayo yamo mikononi mwenu kuyazuia.

Nianze na joto, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Helikopta hujinyanyua kwa kusukuma hewa kwenda chini. Hewa ikiwa nzito, pangaboi linapata cha kusukuma; ikiwa nyepesi, linazunguka kwa kasi ileile lakini linainua kidogo. Hewa huwa nyepesi kwa mwinuko na kwa joto, na mkoa wa Dodoma una vyote viwili. Dodoma mjini kuko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, vipimo vya kawaida vya anga vinavyotumiwa kutengenezea majedwali ya ndege vinatarajia nyuzi joto 8 hivi. Asubuhi yenye nyuzi 18, mashine tayari inafanya kazi kama iliyoko mita 1,500. Saa nane mchana, nyuzi zikifika 31, ni kama imepanda hadi karibu mita 2,000 wakati iko palepale. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo nguvu inapungua wakati mzigo unahisika mzito zaidi.

Kumbuka pia kwamba kuelea mahali pamoja kunahitaji nguvu nyingi kuliko kwenda mbele kwa mwendo wa wastani. Ikiwa chini sana, kwa kimo kisichozidi kipenyo cha pangaboi lake, helikopta inasaidiwa na hewa inayogonga ardhi tambarare. Ikielea juu ya vichaka, ukingo wa korongo au mteremko, msaada huo unapungua au unapotea kabisa. Ndiyo maana afisa alisema kwamba mchana itabeba pungufu. Kwa upande wenu, pangeni mizigo mizito kati ya saa moja na saa nne asubuhi, na mchana mbaki na mazoezi ya machela na ishara. Orodha ya abiria isiandikwe "watu sita", iandikwe kilo za kila mtu pamoja na begi lake. Mizani ya zahanati inatosha.

Kosa la kukadiria uzito kwa macho ni la kawaida na ni baya. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja. Mchanga uliolowa, mita moja ya ujazo, unakaribia tani mbili, na ukiutazama kwenye kiroba hauonekani hivyo hata kidogo.

Sasa vumbi, ambalo kwa Septemba ya Mpwapwa ndilo adui wenu mkubwa. Helikopta kubwa ya aina ya Mi-17, yenye uzito wa tani 11 na pangaboi la kipenyo cha mita 21 na kidogo, hutupa hewa chini kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa. Ndogo kama H125, yenye tani mbili na robo, ni karibu kilomita 80 kwa saa. Tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani, kwa hiyo msilegeze masharti mkisikia itakuja ndogo. Kinachotofautiana zaidi ni upana wa eneo linalopigwa. Hewa hiyo ikifika chini hutawanyika pande zote, huchota udongo laini na kuurudisha juu kupitia pangaboi. Katika mita chache za mwisho rubani anaweza asione chochote. Akidhani ametulia kumbe anasogea upande, gurudumu moja au chuma cha kutulia kikikwama kwenye kisiki, mashine inapinduka.

Kwa hiyo shuka jeupe, hapana. Litapaa, na likinaswa na pangaboi zoezi limegeuka ajali. Turubai, mabati yaliyolegea, ndoo, viroba vitupu, kanga, migolole na kofia za pama ni vivyo hivyo. Mkitaka alama, korogeni chokaa na maji kama ya kupaka ukuta, mchore herufi H yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.8 na unene wa mstari wa sentimita 40, kisha iacheni ikauke ishike udongo. Msinyunyize chokaa kavu.

Moto nao hapana. Nyasi za Septemba ni kavu na upepo wa pangaboi unabeba cheche mbali. Mwenzako ana hoja moja ya kweli: rubani anahitaji kujua upepo unatoka wapi, kwa sababu hutua akiuelekea. Lakini kazi hiyo inafanywa na kitambaa chepesi cha rangi kali kilichofungwa kwa nguvu kwenye mti wa mita tatu, uliochimbiwa pembeni kabisa ya uwanja, nje ya njia ya kuja na kuondoka. Jeshi likileta moshi wa rangi, uachwe kwa askari wenyewe. Mkisikia askari wa ardhini anawasha moshi bila kutaja rangi redioni, hajasahau. Rubani ndiye anayetaja rangi aliyoiona, kisha wa chini anathibitisha. Kwa njia hiyo hakuna anayeweza kuielekeza ndege kwenye moshi wa mtu mwingine.

Uwanja wenyewe uwe na ukubwa gani? Kwa helikopta ndogo, eneo safi la mita 30 kwa 30 mchana ni kiwango cha chini. Kwa kubwa, fikirieni duara la mita 50 hadi 80, na kipimo cha mwisho mtapewa na kikosi kulingana na aina. "Safi" maana yake hakuna kisiki, jiwe linalozidi ngumi, shimo, kichuguu wala waya. Mteremko usizidi nyuzi sita hivi, yaani kupanda mita moja kwa kila mita kumi mbele. Kisha kuna njia ya kuingilia, ambayo watu huisahau: helikopta iliyobeba haishuki wima kama ndoo kisimani, inakuja kwa mshazari. Kanuni inayotumika ni moja kwa kumi. Mti wa mita 10 uwe umbali wa mita 100 kutoka ukingo wa uwanja upande wa kuingilia. Mbuyu wa mita 18 uwe mita 180.

Waya za umeme na simu zina sheria yake. Rubani huona nguzo, waya wenyewe mara nyingi hauonekani kabisa. Tembeeni kwa miguu, chora kila waya kwenye karatasi na uelekeo wake ("unatoka kaskazini kwenda kusini, mita 140 mashariki ya kitovu"), na karatasi hiyo ikabidhiwe kabla ya siku.

Je, shule inafaa? Faida zake ni wazi: ni tambarare, gari linafika, kila mtu anapajua. Hasara zake: mlingoti wa bendera, magoli, mabati yenye misumari iliyolegea, vioo, na watoto mia kadhaa ambao hakuna mwalimu atakayewazuia wasitazame. Tena uwanja wa shule umekanyagwa hadi nyasi zikaisha; ni unga mtupu. Ila hasara kubwa kuliko zote haihusu Septemba. Mafuriko kwenu huja kati ya Desemba na Aprili. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji ya mto Kinyasungwe na Mkondoa yalivunja njia ya reli kati ya Gulwe na Kilosa. Maafa ya namna hiyo yakitokea, mahali pa kwanza familia zinapokimbilia ni shuleni. Mtakuwa mmejifunza kutua mahali ambapo siku ya kweli pamejaa watu na mahema.

Ushauri wangu ni malisho yenye nyasi fupi, nje kidogo ya makazi, ambako gari linafika hata baada ya mvua. Nyasi zikizidi sentimita 30 zifyekwe na majani yaondolewe, kwa sababu moshi wa injini ni wa moto. Chagueni na mahali pa akiba, angalau nusu kilomita kutoka pale pa kwanza. Epukeni udongo mweusi wa mbuga hata kama mwezi Septemba ni mgumu kama zege, kwa kuwa Januari utameza magurudumu. Kipande cha barabara ya lami au changarawe kilichofungwa na polisi nacho ni chaguo zuri, mradi hakuna waya juu yake.

Ikiwa uamuzi umeshapita na shule ndiyo iliyobaki, basi mwagieni maji. Watu hulowesha duara dogo katikati, na vumbi linatoka nje ya duara. Lowesheni mita 50 kwa 50, ambazo ni mita za mraba 2,500. Boza la lita 10,000 linatoa lita nne kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kushika tabaka la juu. Mwageni nusu jioni ya siku iliyotangulia ili yazame, na nusu nyingine mmwage saa moja kabla ya kutua. Yote kwa mara moja yanatiririka na kuacha sehemu kavu. Ng'oeni magoli, laza mlingoti, gongeleeni mabati, na watoto wakae darasani madirisha yakiwa yamefungwa. Watazamaji wakae mita 60 kwa helikopta ndogo, mita 100 kwa kubwa, upande mmoja tu, nyuma ya kamba, na mgambo wakiwatazama wao badala ya kutazama ndege.

Tuje kwa anayetaka kukimbilia. Ni kweli mafuta yanaungua, lakini mafuta ya kusubiri yameshawekwa kwenye hesabu. Hakuna anayesogea hadi mhudumu wa ndani ya helikopta aoneshe ishara ya dole gumba, au aje mwenyewe kuwachukua. Mnaingia na kutoka kwa mbele au ubavuni, ambako rubani anawaona, mkiwa mmeinama. Pangaboi likipunguza kasi linalegea na ncha zake zinashuka, na upepo wa ghafla unaweza kulishusha zaidi, kwa hiyo wakati linaelekea kusimama ni wakati wa kukaa mbali. Kwenye mteremko, fikeni kutoka upande wa bondeni tu, kwa kuwa upande wa mlimani ncha ziko karibu zaidi na vichwa. Machela na miti ibebwe kwa kulala, chini ya kiuno. Hakuna kusimamisha kitu, hata chupa ya dripu. Blanketi la majeruhi lifungwe kwa mikanda, macho na masikio yake yafunikwe.

Pangaboi dogo la mkiani likizunguka halionekani. Wekeni mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kumzuia yeyote anayeelekea nyuma. Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa: baadhi ya helikopta kubwa, zikiwemo aina za Mi-17, hupakia kwa milango ya nyuma. Hapo mtaingia kwa nyuma kweli, ila mkiongozwa na mhudumu wake, kwa mstari atakaoutembea yeye. Mkiona askari wanafanya hivyo, msiichukulie kuwa ruhusa kwa kila helikopta.

Mwongozaji wa ardhini husimama upande upepo unakotoka, ameupa mgongo, ili helikopta inayokuja kuuelekea upepo imwone usoni. Avae miwani ya kuziba vumbi, vizuia sauti vya masikioni na helmeti yenye mkanda wa kidevuni. Mwulizeni mapema rubani mkuu anakaa kiti gani, kwa sababu kwenye H125 ni kulia na kwenye Mi-17 ni kushoto, na mwongozaji asiyeonekana hana faida. Ishara za lazima ni chache: mikono imenyooka pembeni usawa wa mabega maana yake elea hapo, viganja juu vikipandishwa, panda, viganja chini vikishushwa, shuka, mikono imepishana mbele ya mwili kuelekea chini, tua. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara. Wawili wakipunga, rubani mwenye busara ataondoka.

Sasa ndoano, ile iliyo chini ya tumbo la helikopta ya kubebea mzigo unaoning'inia. Afisa hakuwatisha. Pangaboi likipita katika hewa kavu yenye vumbi, helikopta hujaa umeme tuli, ule unaotoa cheche unapovua sweta usiku wa baridi, ila mwingi kuliko huo mara nyingi. Ikiwa angani haina pa kuutolea. Kitu cha kwanza kuigusa kikiwa kimesimama ardhini ndicho kinachoupokea. Mshtuko huo unaweza kumrusha mtu kutoka juu ya mzigo aliosimamia, na ndoano inabaki ikiyumba juu yake.

Ndiyo maana kazi hii hufanywa na watu watatu: mwongozaji, mwenye fimbo ya kutolea umeme, na mfungaji. Fimbo ni ya kuhami (haipitishi umeme), ina ndoano ya chuma kichwani, na waya unaotoka hapo hadi kigingi cha chuma kilichopigiliwa ardhini. Udongo mkavu wa kwetu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo kigingi kizame sentimita 60 au zaidi na kimwagiwe maji. Fimbo inagusa ndoano ya helikopta kwanza na inaendelea kuigusa hadi mfungaji amalize. Ikiachia hata mara moja, umeme unaanza kujaa upya na mfungaji anaondoa mkono. Watatu hao wanakubaliana na rubani kabla: injini ikisita, helikopta itakwenda upande gani, na wao watakimbilia upande wa pili, wote pamoja. Tangi tupu la plastiki msilitundike kwa kudhani ni jepesi. Vitu vyepesi na vipana huyumba vibaya vikisafirishwa.

Mambo mawili ya mawasiliano huharibu mazoezi mengi ya pamoja bila mtu kuumia, na siku ya kweli hugharimu maisha. La kwanza ni redio. Ndege hutumia masafa ya megahezi 118 hadi 137 kwa mfumo wa AM. Redio za mkononi za ardhini kwa kawaida ni FM, kati ya 136 na 174. Hata mkigusa namba inayofanana, hamtaelewana. Ombeni afisa kiungo mwenye redio ya anga akae na mwongozaji muda wote.

La pili ni namba za mahali. Mpwapwa iko nyuzi 6 dakika 20 kusini. Mtu akiziandika 6.20 kwa desimali, amehamisha uwanja karibu kilomita 15, kwani nyuzi 6 dakika 20 ni 6.333. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na simu zenu zinatumia mfumo mwingine, WGS 84, ambao ndio wa GPS. Tofauti kati yake hapa nchini ni kama mita 300. Halafu mstari wa longitudo 36 Mashariki unapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa. Magharibi yake ni kanda ya 36 ya gridi ya UTM (mfumo unaogawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa mita), mashariki ni kanda ya 37. Makao ya zoezi yakiwa mjini na uwanja ukiwa kwenu, namba bila kanda hazina maana. Kila namba itajwe na mfumo wake, kisha irudiwe na anayeipokea.

Kuhusu mpangilio wa siku, ombeni hatua tatu na msikubali kuruka. Kwanza injini imezimwa: kila mtu anapanda, anafunga mkanda, anashuka, machela inaingizwa na kutolewa hadi hakuna anayeuliza. Pili injini inaunguruma, helikopta imetulia ardhini. Tatu ndipo iruke. Usiku ni zoezi jingine kabisa; likitajwa kwa wiki hiyohiyo kwa watu wasiowahi kufanya la mchana, kamati yenu ina haki ya kukataa.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayatoshi. Kufunga mzigo kwenye ndoano hujifunzwa kwa kushikwa mkono na askari wa kikosi husika, kwa vifaa vyake na kwa aina hiyo ya helikopta. Kama hamjafundishwa hivyo, bakini na kazi ya machela na ulinzi wa uwanja. Uwanja wenyewe ukaguliwe na mtu wa kikosi cha anga kwa miguu yake, si kwa picha za simu. Peleka ombi hilo kupitia kamati ya wilaya angalau wiki mbili kabla. Mtu aliyepigwa na umeme wa ndoano, hata akisema yuko sawa, apelekwe hospitali apimwe moyo. Mafuta yakimwagika au moshi ukionekana, watu warudi nyuma na Zimamoto wapigiwe 114. Na siku inayofuata watoto wakiona kopo au chuma chochote kilichoachwa uwanjani, wasikiguse wala wasikipeleke nyumbani: wekeni alama kwa mbali, weka mtu wa kulinda, mpigieni polisi 112.